Nyayo za Asiyelalamika



Alizeti imeshapurwa, magunia yamefungwa, na njia ya mchanga inayoleta watu kanisani imekauka. Jumapili iliyopita niliwahi, nikakuta mtu mmoja tu amenitangulia. Zilikuwa nyayo za kandambili za bibi mmoja wa mtaa wetu. Hatua zake zilikuwa fupi kama za mtoto, kisigino cha huku kinakaribia kugusa vidole vya kule. Kila baada ya hatua kadhaa nyayo mbili zilikaa sambamba, na kando yake kitobo cha mkongojo. Hapo alisimama kupumzika. Kutoka bomba la maji hadi mlangoni nilihesabu vituo vinne.

Bibi huyu namwamkia kila wiki. "Shikamoo, bibi. Umeamkaje?" "Marahaba, Baba Mchungaji. Mzima, namshukuru Mungu." Nami napita. Sikuwahi kumwona akichechemea, basi nikaamini ni mzima kweli. Hata alipoacha kupiga magoti kwenye meza ya Bwana, tangu Pasaka, sikuuliza.

Wiki hiyohiyo nilipoona nyayo zake, nilikuwa nikisoma habari za watafiti wanaotafuta dawa ya magoti yaliyosagika. Wengi wao hutumia panya, na panya ni mnyama wa kuwindwa: akionyesha udhaifu, kipanga atamwona, kwa hiyo maumivu huyaficha. Watafiti humtia jeraha kwenye goti moja, kwa mfano kwa kukata kano, ili gegedu lianze kulika. Kisha wanamwachia atembee juu ya kioo chenye mwanga wa pembeni. Kila anapokanyaga, unyayo unawaka, na kamera iliyo chini ya kioo inapiga picha. Zamani walimpaka wino miguuni, akapita juu ya karatasi. Wanapima urefu wa hatua na muda ambao kila mguu unakaa chini. Mguu wenye goti bovu huwahi kuinuka. Ni tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde, jicho haliioni. Ule mzima hubaki chini zaidi, ukibeba mzigo wa mwenzake.

Lililonichoma ni hili. Goti moja likiugua, miguu hailingani, na kipimo kinaonyesha. Yakiugua yote mawili sawasawa, miguu hulingana tena. Hakuna kuchechemea. Kinachosalia ni hatua fupi na mwendo wa polepole, na hapo mtazamaji asiye makini atasema huyu hana tatizo. Ndivyo nilivyosema mimi kwa miezi mingi.

Sitaki kuyapita haraka mateso ya viumbe wale. Goti lao huumizwa makusudi, na mwishowe wengi huuawa ili lichunguzwe. Nchi yetu imejifunza kumheshimu panya: panya buku wa shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Wale wa maabara hawana jina. Katika sala zangu za wiki hii nimewataja.

Watafiti wale wa magoti wana tahadhari nyingine inayonifaa mimi mchungaji. Panya akiongeza kasi, hatua zake zote hubadilika, na huwezi tena kujua lipi ni la maumivu na lipi ni la haraka. Ndiyo maana wengi humwacha apite kwa mwendo wake mwenyewe. Nikamkumbuka Yakobo. Alitoka mtoni Yaboki, alikoshindana mieleka usiku kucha, akichechemea, nyonga imeteguka, na siku hiyohiyo Esau akataka waongozane. Yakobo akamwomba kaka yake atangulie. Yeye angekuja taratibu, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Nimehubiri mara nyingi juu ya ule usiku wa mieleka, lakini ombi hili sijawahi kulihubiri.

Jumatatu nilikwenda kwa bibi. Tulikaa kwenye kigoda na gunia, nikamuuliza habari za magoti, siyo habari za asubuhi. Alinyamaza, kisha akapandisha khanga kidogo nikaona yalivyovimba yote mawili. "Baba, nikisema inauma, nani atachota maji?" Tumeshapanga: vijana wa kwaya watachota, na Alhamisi tutampeleka hospitali apimwe, afundishwe mazoezi. Magoti bandia huwekwa kwenye Taasisi ya Mifupa (MOI), pale Muhimbili, Dar es Salaam, lakini kutoka hapa ni karibu kilomita 700, na yeye mwenyewe amesema tuanze na maji.

Jumapili hii ibada ya kwanza ni saa moja na nusu, kama kawaida. Mimi nitakuwa pale bombani tangu saa kumi na mbili na nusu.