Haki za Jirani Ndani ya Hodhi la Kioo

Miongoni mwa mambo ayatendayo mwanadamu kwa kuburudisha macho yake, pasipo kudhani kwamba ndani yake mna hukumu ya dini wala ya akili, ni kuwakusanya samaki wa aina mbalimbali katika hodhi moja la kioo, akawapandia majani, akawawashia taa, kisha akaketi kuwatazama. Samaki wale hawakushauriwa. Aliyetoka katika mito ya Amerika ya Kusini hupewa jirani wa ziwa la Afrika, mdogo huwekwa pamoja na mkubwa, na hakuna kati yao awezaye kuhama ujirani ukiwa mbaya. Basi swali lililonishughulisha ni hili: ni nani aliyempa mwanadamu idhini ya kuwachagulia viumbe majirani zao, na idhini hiyo, kama ipo, ina masharti gani? Nauliza nikiwa Kibimba, katika nchi ya Ngara inayopakana na Biharamulo, ambako mahodhi ya kioo ni adimu majumbani, lakini ambako wengi wetu twala samaki wa ziwa lililotiwa jirani mgeni kwa mikono ya watu.

Idhini ipo, wala sioni njia ya kuikana. Katika hadithi za Mtume imo habari mashuhuri ya Abu Umair, mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, na Mtume akamliwaza yule mtoto kwa upole, asimkemee kwa kuwa alikifuga. Na wanazuoni wa fikihi wakapata katika habari hiyo ruhusa ya kumfuga kiumbe kwa kujiburudisha naye. Lakini hadithi nyingine, mashuhuri vile vile, yasimulia juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe, wala asimwache aende akajitafutie. Nikizitazama habari hizi mbili pamoja, naona kwamba dhambi ya yule mwanamke haikuwa kufunga mlango peke yake, bali kuufunga na kisha kulikataa daraka lililozaliwa na kule kuufunga. Wakristo nao, ambao katika nchi hii ni wengi, husoma kwamba Nuhu alipoamriwa kuwaingiza wanyama katika safina, aliamriwa papo hapo awaingizie na chakula. Kiumbe aliye huru hujitafutia riziki aliyowekewa na Mola wake. Aliyefungiwa, riziki hiyo imepitishwa katika mkono wa aliyemfungia, nayo si chakula tu, bali ni maji, hewa, maficho, na jirani.

Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alitangaza habari za jaribio alilolifanya kwa chombo cha kioo, samaki wawili wadogo wa dhahabu, na mmea wa maji uitwao Vallisneria, wenye majani marefu membamba, ambao huota pia katika maziwa yetu ya Afrika ya Mashariki. Tumaini lake lilikuwa kwamba mmea utatoa oksijeni na samaki wataivuta, na kile wakitoacho samaki kitaurudia mmea kuwa chakula. Ikawa hivyo kwa muda. Kisha majani yaliyokufa yakaanza kuoza, maji yakafanya ukungu, na hali ya samaki ikawa ya hatari. Ndipo Warington alipowatia konokono wa maji, nao wakayala yale yaliyooza, na maji yakarudi kuwa safi. Jambo hili lanigusa sana, kwa kuwa kasoro ya utaratibu ule haikuondolewa kwa kumwongeza kiumbe mzuri wa kutazamwa, bali kwa kumwongeza yule ambaye hakuna mtu angemnunua kwa uzuri wake. Na sisi leo twajua kwamba hata konokono si wa mwisho katika orodha: wako bakteria wasioonekana, washikamanao na mchanga na mawe, waigeuzao amonia itokayo kwa samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa naitreti, ambayo majani huitumia, nao huchukua majuma kadhaa kuenea, hata mtu awatiaye samaki wengi siku ile ile aliyojaza maji huwa amewaalika wageni katika nyumba yenye sumu.

Watu wengi hudhani kwamba uadilifu ni kuwapa wote kitu kimoja kwa kipimo kimoja. Hodhi la kioo laikanusha dhana hiyo upesi. Samaki mdogo aitwaye neon, ambaye asili yake ni mito ya Amazon, huhitaji maji laini yenye asidi kidogo. Samaki wa ziwa Tanganyika, ambao wafanyabiashara wa mapambo huwatoa Kigoma na Burundi wakawapeleka ng'ambo, huhitaji maji magumu yenye alkali, yenye kipimo cha pH kinachokaribia 9. Ukiwapa maji ya kati kwa kati umewadhulumu wote wawili. Wala asili moja haitoshi kuwa dhamana ya amani, kwani samaki aitwaye scalare ni wa Amazon pia, na akishakua humla neon bila ya kosa lolote, maana ndivyo alivyoumbwa. Ajabu zaidi ni Tropheus, samaki wa miambani wa Tanganyika, alaye mwani anaoukwangua juu ya mawe: wakiwekwa wachache, mmoja wao hufukuzwa na kuumwa mpaka akafa, wakiwekwa wengi, hasira ya mwenye nguvu hugawanyika juu ya wengi, asiwepo wa kuibeba peke yake. Na mtu akiwalisha vyakula vya nyama, kwa kuwahurumia, matumbo yao huvimba wakafa kwa ile huruma. Hata mmea una haki yake: Anubias, uliotoka katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, ukifukiwa shina lake mchangani huoza, sharti ufungwe juu ya jiwe au gogo, mizizi ijishikize yenyewe.

Kwa hiyo nasema kwamba idhini ya kuchagua ina sharti la kujua kabla ya kuunganisha. Mtu hana udhuru wa ujinga katika jambo aliloweza kuliacha. Aliyeukuta ujirani mbaya na akashindwa kuutengeneza ana udhuru. Aliyeuanzisha yeye mwenyewe, kwa hiari yake, kwa furaha yake au kwa faida yake, hana.

Sharti hili halikomei kwenye kioo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliingizwa katika ziwa Victoria, samaki awezaye kufikia uzito wa kilo 200, akawekwa pamoja na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu, ambao walikuwa wameishi humo bila ya kumjua. Onyo lilikuwapo: Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi katika ziwa hilo, aliandika mwaka 1960 kuipinga nia ya kumtia sangara humo. Katika miaka ya 1980 sangara aliongezeka kwa ghafula, na aina nyingi za furu zikatoweka. Sangara hana lawama. Wala siwalaumu wavuvi na wenye viwanda waliopata riziki kwake, maana riziki ile ni ya kweli. Na maji ya ziwa nayo yalikuwa yamechafuka kwa mbolea na udongo, hata furu jike, amchaguaye dume kwa rangi zake, asiweze tena kumtambua aliye wa aina yake. Lakini aliyemtia sangara ziwani aliwachagulia jirani wenyeji wasio na pa kuhamia, na ziwa, kwa upana wake wote, lilikuwa kwa furu hodhi lililofungwa.

Gugu maji nalo lina habari ya kuhuzunisha, kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa kupenda uzuri. Ni mmea wa Amerika ya Kusini, wenye ua la zambarau lipendezalo mno, na kwa ajili ya ua hilo watu waliuchukua nchi hata nchi kuupandia vidimbwi vya bustani. Katika miaka ya 1990 ulilifunika ziwa Victoria kwenye ghuba na bandari, na njia mojawapo uliyopitia ni mto Kagera, uushukao mpaka wetu wa Ngara na kuporomoka Rusumo, baada ya kuyapokea maji ya mto Ruvubu. Kila tawi lililotupwa na mtu aliyechoshwa na dimbwi lake lilikuwa na safari ambayo yeye hakuiwazia.

Yuko atakayeniambia kwamba basi dawa ni kuacha kabisa kufuga. Siafiki. Wako furu ambao leo hawaonekani tena ziwani, na ambao uzao wao umedumu katika mahodhi ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini, kwa juhudi za watu waliojifunza maji yao, chakula chao na majirani wawezao kuvumiliana nao. Kufungia kule kumekuwa hifadhi kwa sababu daraka halikukataliwa.

Linabaki suala la mtu aliyeshindwa: amehama, amepungukiwa, au samaki wamemzidi ukubwa. Wengi huona kwamba tendo la huruma ni kuwaachia mtoni. Mimi naona ni kinyume chake, nami nalisema nikijua uzito wake. Na awape mwingine ajuaye kuwatunza. Na asipopatikana, ni heri awaue kwa namna isiyowatesa kuliko kuwatia Ruvubu, ambako wakifa watakufa kwa njaa na ugeni, na wakiishi wataishi kwa kuwadhulumu wenyeji. Majani yao ayakaushe juani mpaka yawe makavu kabisa, ndipo ayachome, na yale maji ayamwage shambani, mbali na mfereji uendao mtoni.