MZEE WANGU, UMESIKIA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 Ama baada ya hayo.

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ya mtu, na namna anavyowauliza watu habari ya kazi yake. Fundi cherehani anauliza, mwalimu wa shule anauliza, hata imamu anauliza. Swali letu sote ni lile lile: Mumeionaje? Na jibu ni lile lile: Nzuri. Kisha kila mtu anakwenda kwake.

Mimi nimeuliza hivyo miaka mingi hapa Lusangi. Baada ya sala ya Ijumaa nasimama mlangoni, nawapa watu mkono, nawauliza: Mumenisikia vizuri? Wananijibu: Sana, Maalim, Mungu akuzidishie. Nami narudi nyumbani na furaha yangu.

Ijumaa moja nilihutubu juu ya mirathi. Siku ile, Mungu ndiye ajuaye sababu, nilimshika mkono mzee mmoja nikamuuliza swali lingine: Mzee wangu, umesikia nini leo? Akafikiri, akasema: Nimesikia kwamba mwanamke akifiwa na mumewe anapata thumuni, fungu moja katika manane. Nikafurahi. Akaongeza: Basi Jumapili tutamgawia hivyo shemeji yangu, maana marehemu mdogo wangu hakuacha mtoto.

Moyo ulinishtuka. Thumuni ni ya mjane ambaye mumewe ameacha mtoto, hata mtoto huyo akiwa wa mke mwingine. Ikiwa mume hakuacha mtoto, mjane anapata robo. Sura ya Nisaa, aya ya 12, imeyaeleza yote mawili. Mimi moja nililieleza kwa kituo, na la pili nililipita mbio, kwa kuwa jua lilikuwa kali na watu wameanza kutazama mlango. Yule mama angepoteza nusu ya haki yake. Penye mbuzi wanane angepewa mmoja badala ya wawili, na katika shamba la michikichi vile vile. Angedhulumiwa kwa jina la dini, kwa ulimi wangu, na mlango mzima umeniambia nzuri! Tulikwenda kwao siku ile ile, nikasema mbele ya jamaa kwamba kosa ni langu.

Tangu hapo nimejiuliza: wale wa mlangoni walikuwa waongo? Hapana. Swali langu lilikuwa linaomba sifa, nao wakanipa nilichokiomba. Tena waliniheshimu, na heshima inafunga vinywa.

Msione ni ajabu. Mtume (s.a.w.) siku moja alisalisha sala ya rakaa nne, akatoa salamu baada ya mbili. Abubakar na Umar walikuwamo katika safu, na wote wawili waliona haya kumsemesha. Aliyesema ni mtu aliyeitwa Dhul-Yadayn, aliyemwuliza kama sala imepunguzwa au yeye amesahau.  Mtume aliwauliza watu kama ni kweli, wakakubali, akaikamilisha sala na kusujudu sijida ya kusahau. Na siku nyingine alipochanganyikiwa katika kisomo, baada ya sala alimtafuta Ubayy bin Kaab, akamwuliza kama alikuwapo, na kwa nini hakumkumbusha. Tazameni: hakuuliza msikiti mzima kama kisomo kilikuwa kizuri. Alimwuliza mtu mmoja, na mtu huyo ni yule aliyejulikana kwa ujuzi wa kisomo, tena alimwuliza juu ya jambo moja.

Ikiwa Abubakar na Umar walinyamaza, wewe fundi unamtegemea mwanafunzi wako akuambie kwamba mkono wa kanzu umepinda? Yeye anakula kwako. Muulize mwenye kanzu: inakubana wapi unapoinama kusujudu? Hapo atakuonyesha kwa kidole. Na wewe unayejenga, mwite fundi mwenzako wakati ukuta uko magotini. Ukimwita siku bati zimekwisha pigiliwa atakuambia hongera, na atafanya nini tena? Nyumba imekwisha.

Kuna jambo moja lililonishinda mimi zaidi ya yote, nalo ni kunyamaza nikisahihishwa. Sasa kila Alhamisi baada ya Isha namsomea hotuba mama watoto pamoja na kijana mmoja mwalimu wa shule ya msingi, nawauliza wamepotea wapi. Mara ya kwanza yule kijana alinionyesha mahali, nami nikamweleza kwa maneno mengi kwa nini mahali pale ni sawa. Alhamisi iliyofuata hakuona kosa lolote. Mama watoto akacheka, akaniambia: Baba, umemfunza kukusifu. Ilinichukua wiki kadhaa, nikipokea kila neno kwa kusema ahsante tu, mpaka kijana akarudia kusema.

Na karatasi hii pia ni kazi yangu. Nitakuwa barazani Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye kuisoma asiniambie ni nzuri. Aniwekee kidole kwenye mstari aliourudia mara mbili, na kama yuko mjane nyumbani kwao, aniambie ameelewa atapata ngapi.

Wabillahi tawfiq.