"Sorry": Neno Lenye Kidonda Ndani Yake

Kijana ameingia kichochoroni na vespa yake kwa kasi, akamgonga mama aliyebeba kikapu cha samaki. Kikapu kimepinduka, changu na tasi wametapakaa chini, mama mwenyewe kakaa kitako anashika goti. Kijana anashuka, anamtazama, na la kwanza analolitamka ni: "Pole, mama." Atajibiwaje? Aghalabu atajibiwa kwa ukali: "Pole ya nini, nawe ndiye uliyenigonga!" Mama huyo huenda hajapata kufungua kitabu cha falsafa wala cha sarufi, lakini hukumu aliyoitoa ingewashughulisha wenye vitabu hivyo kwa siku nyingi. Amekataa kupewa neno la mpita njia na mtu aliyekuwa mkosaji. Pole ni ya jirani aliyekuja mbio kumwinua. Kwa kijana anangoja neno jingine.

Lau mkasa huo ungetokea London, neno lingekuwa moja tu. Kijana angesema "sorry", na jirani aliyekuja mbio angesema "sorry" vilevile, na mama asingekuwa na njia ya kuwatenganisha ila kwa kuzitazama nyuso zao.

Neno hili Mwingereza hulitumia kutwa bila ya kulifikiri. Aliyefiwa huambiwa hilo. Aliyekanyagwa mguu ndani ya basi huambiwa hilo, na mara nyingi, ajabu, yeye aliyekanyagwa naye hulisema. Asiyesikia vyema hulipandisha sauti mwishoni, na maana yake ikawa "umesemaje?" Msoma habari aliyeteleza ulimi hulitia katikati kisha akajisahihisha. Muuza duka hulitanguliza kabla ya kusema kwamba bidhaa imekwisha. Na likiwekwa mbele ya jina hugeuka kuwa dharau: nyumba iliyo "sorry" ni kibanda kibovu kisichotamanika, na udhuru ulio "sorry" ni udhuru usio na kichwa wala miguu.

Wachunguzi wa asili ya maneno husema kwamba lilitokana na neno la Kiingereza cha kale lililozaliwa na "sar", yaani maumivu au kidonda. Ndugu yake aliyebaki hadi leo ni "sore", neno la mahali panapouma mwilini. Wengi hudhani kuwa "sorry" ni mtoto wa "sorrow", neno la huzuni, kwa vile sura zimefanana. Kumbe wawili hao hawakuzaliwa nyumba moja, bali wamekuwa majirani kwa karne nyingi hata wakaambukizana maana. Kwa hiyo anayesema "I am sorry", msomaji akimfuata hadi mzizini, anasema: mimi nina kidonda, mimi naumwa.

Hapa ndipo penye uzuri wa neno hili, na hapo hapo ndipo penye hatari yake. Ni jambo zuri lugha kumtaka aliyemuumiza mwenziwe akiri kwamba naye anaumwa; hapana radhi ya kweli iliyopata kuombwa na moyo usiouma. Hatari ni kuwa habari yote inayotolewa ni habari ya msemaji. Mtu anaweza kuumwa kwa kosa alilolitenda, au kwa msiba wa mwenziwe asiouhusika nao, au kwa sababu tu amekamatwa. Sentensi ni moja, na katika hali zote tatu ni kweli. Tena ni sentensi iliyokamilika bila ya msikilizaji. Haimwombi kitu, wala haimwachii neno.

Kiswahili kimepita njia nyingine. "Pole" haina nafsi ndani yake, haina mtenda wala mtendwa. Ni upole anaotakiwa mtu, ule ule ulio katika "polepole". Hujibiwa "nishapoa", kana kwamba kilichokuwa cha moto kimeanza kupata ubaridi. Hupewa mgonjwa, mfiwa, msafiri, hata mwenye kufanya kazi juani, na anayeitoa hajishitaki kwa lolote. Ama "nisamehe" na "niwie radhi" ni maneno ya jamii nyingine kabisa. Ukiyatazama kwa sarufi, mwenye kitendo humo si aliyekosa bali ni aliyekosewa. Yeye ndiye atakayesamehe, yeye ndiye atakayekuwa radhi. "Kunradhi" ya wazee ni Kiarabu kilichokuja kizima, nacho kinasema hivyo hivyo: kuwa radhi, wewe.

Na radhi si neno jepesi katika pwani hii. Ni lile lile la radhi za wazazi, ambazo mtoto aliyezikosa huonekana kama chombo kilichong'olewa usukani, hata kama ana mali na elimu. Anayekwenda Hija huzunguka kwa jamaa na majirani kuwataka radhi kabla ya safari, kwa sababu amefundishwa kwamba haki ya mja haifutwi na toba kati ya mtu na Mola wake peke yake. Hapana budi mwenye haki aiachie. Mazikoni nako husimama mmoja wa wafiwa akawaomba waliohudhuria wamsamehe marehemu, na mwenye kumdai ajitokeze kwa warithi. Marehemu hawezi tena kusema kama anaumwa au haumwi. Kinachotakiwa pale ni neno la waliobaki.

Si kwamba Waswahili ni waadilifu zaidi. "Samahani" imechakaa sana siku hizi. Husemwa kumwita mhudumu mkahawani na kuulizia saa njiani. Na kijana wa vespa tumemwona: pole nayo hugeuzwa mahali pa kujificha. Ila akijificha humo huonekana, kwa kuwa lugha imempa mama neno la kumuumbulia. Jipya ni "sori", ambayo sasa imo vinywani mwa vijana wa mijini, na imekuja na tabia ya kwao: haisemi kama ni pole au ni radhi, na anayeambiwa hajui ajibu nini.

Uzito wa jambo hili ulionekana kwa mataifa mwezi wa Aprili 2001. Tarehe 1 ya mwezi huo ndege ya upelelezi ya jeshi la Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina, Wang Wei, alipotea baharini. Ndege ya Marekani ikatua kisiwani humo bila ya idhini, na watu wake 24 wakazuiliwa. China ilitaka kuombwa radhi. Marekani ikasema haina la kuombea radhi. Kwa siku 11 dola mbili kubwa zilikaa zinatafuta neno, na lililopatikana likawa hilo hilo. Barua ya balozi wa Marekani, Joseph Prueher, ililitumia mara mbili: "sorry" sana kwa kifo cha rubani, na "sorry" sana kwa ndege kuingia na kutua bila ya ruhusa ya mdomo. Watu wakaachiwa. Wakuu wa Marekani wakawaambia wananchi wao kwamba hawakuomba radhi, na Beijing, iliyoifasiri kwa maneno ya Kichina yaliyo mazito zaidi, ikawaambia wa kwake kwamba imeombwa.

Yumkini atatokea wa kuisifu barua hiyo, maana iliepusha shari. Haki yake. Lakini mtu na afikiri angeifasiri vipi kwa Kiswahili. Katika mahali pa kwanza ingefaa "pole", kwa kuwa ndivyo jamaa wa aliyekufa wanavyoambiwa. Mahali pa pili "pole" haisimami, kwa kuwa aliyeingia nyumba ya watu bila ya hodi hawapi pole wenye nyumba. Hapo ni "samahani" au ni kunyamaza. Kiswahili kingeipasua barua ile vipande viwili, na pengine watu 24 wale wangekaa Hainan siku nyingine kadhaa. Mfasiri mwaminifu angekuwa mharibifu wa suluhu.

Wanasheria waliona mapema kwamba neno hili halitabiriki. Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria kwamba maneno ya kumpa pole aliyepatwa na ajali yasitumike mahakamani kuwa ushahidi wa kosa. Jimbo la British Columbia huko Kanada, mwaka 2006, likapiga hatua zaidi: hata kukiri kosa ndani ya maneno ya radhi kusihesabiwe dhidi ya msemaji. Zina busara yake sheria hizi, kwani daktari anayeogopa kufungua kinywa mbele ya wafiwa ni mkatili bila ya kutaka. Hata hivyo inashangaza kwamba lugha yenye maneno mengi hivyo ilihitaji bunge ili mtu aweze kutoa pole.

Australia ilikwenda upande mwingine, na pengine huko ndiko neno lilikopata heshima. Ripoti ya mwaka 1997 ilieleza namna watoto wa wenyeji wa asili walivyochukuliwa kwa miongo mingi kutoka kwa wazazi wao kwa amri za serikali. Waziri Mkuu John Howard alikataa kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Mwaka 1999 akaleta bungeni azimio la masikitiko, bila ya neno "sorry" ndani yake. Tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao 250,000 walivuka daraja kubwa la Sydney kwa miguu, na ndege ikaliandika neno hilo angani kwa moshi. Kevin Rudd alilisema bungeni tarehe 13 Februari 2008. Serikali zilizoea kujificha ndani ya neno hili. Hapa serikali moja ilijificha mbali nalo kwa zaidi ya miaka kumi, na watu wakalidai kwa sababu walijua maana gani wanaitaka. Na katika Kiingereza cha wenyeji wale, shughuli za "sorry" ni matanga: kukaa msibani, kulia, kuzika, kutolitaja jina la marehemu. Wao hawakuwa wamelisahau lile donda la mzizini.

Yaliyo karibu nasi yalitokea mwaka 2023, na yalifuatana kwa siku moja. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles alisimama Nairobi mbele ya wenyeji wake akataja ukatili waliotendewa Wakenya walipopigania uhuru. Alisema hauna udhuru, akataja huzuni na masikitiko makubwa. Hakuomba radhi. Alifuata mkondo uliokwisha wekwa tarehe 6 Juni 2013, pale William Hague alipoliambia bunge la Uingereza kwamba serikali inasikitika, kisha ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, huku ikiendelea kukana kwamba sheria inaibebesha dhamana. Siku ya pili yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Songea Mbano mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Yeye aliomba msamaha, kwa neno hasa la kuombea, mbele ya wajukuu na vitukuu.

Hapa mfasiri ndiye aliyeshika mizani. Neno la Kiingereza lililotumika Nairobi, na kabla yake bungeni London, ni "regret", na mkono wa haraka hulifasiri "majuto". Majuto kwa Mswahili ni mtu kujiuma vidole kwa kitendo chake mwenyewe. Ni mjukuu anayekuja nyuma ya kosa. "Regret" ya serikali ni ile ya barua za ofisini: tunasikitika kukuarifu. Akiandika kwamba Uingereza imejuta, mfasiri ameungama kwa niaba ya mtu asiyeungama, na bibi wa Nyeri aliyepoteza mume kambini ameambiwa kwamba amepewa kitu ambacho hakupewa. Akiandika kwamba Uingereza imesikitika, ameandika kweli, na bibi yule anayo haki ya kujua kwamba hilo ndilo tu lililosemwa.

Inajaribu sana kuliongeza neno uzito kidogo. Mfasiri ni mtu, anataka wazee wafe wametulia. Lakini msamaha ni mali yao, na haiwezi kutolewa kabla haijaombwa. Anayewafanya waamini kuwa wameombwa amewachukulia hata hiyo iliyobaki. Wapo watakaosema kwamba tofauti ya huzuni na radhi ni ya maneno tu, kwamba aliyekufa kafa. Waulizwe basi kwa nini serikali zenye wanasheria mahodari hukesha usiku kuichunga tofauti hiyo isivukwe.

Songea hapakuwa na shida ya tafsiri. Kijerumani kina neno la kuomba msamaha na Kiswahili kinalo, yakakutana bila ya kusukumwa. Ugumu ulikuja baada ya hapo, kwa sababu ombi hungoja jibu. Jamaa wa Songea Mbano wamekuwa wakilitafuta fuvu lake, linaloaminika kwamba lilipelekwa Ujerumani, na siku ile mgeni aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta. Hapana aliyeweza kumjibu "nishapoa". Hakuwa ametoa pole.