Kithi

Keti, mwanangu. Chai bado ya moto, na simu haitakimbia. Nimesikia umetema mate ndani ya kichupa ukayatuma ng'ambo, na sasa unahesabu siku ili uambiwe babu wa babu yako alikuwa nani. Sikulaumu. Mimi nilikuwa na haraka kukushinda, na nitakusimulia ilinifikisha wapi.

Mama yangu alizaliwa hapa Iyolwa wakati wa njaa ya 1918 na 1919, vita vya Wajerumani vimekwisha na ile homa kubwa ikipita nyumba kwa nyumba. Alipewa jina la njaa, kama ilivyo desturi yetu sisi Jopadhola wa Uganda. Kwetu jina la mtu hukueleza hali iliyokuwapo siku alipolia mara ya kwanza. Alizaliwa nyumbani kwa wajomba zake, baba hayupo. Rangi yake haikufanana na ya watoto wenzake. Wapo waliomwita mzungu. Wapo waliomwita mwana haramu, neno ambalo nakuomba lisitoke kinywani mwako hata siku moja. Mama alilisikia mpaka akiwa na wajukuu.

Nyanya yangu alikuwa amerudi kutoka Sisibo. Ndivyo wazee wetu walivyoiita Eldoret, kwa sababu mji ulianzia kwenye shamba namba 64. Makaburu walifika Uasin Gishu na magari yao ya maksai mwaka 1908, na Waingereza na Waskoti nao wakaja, baadhi yao wakipitia Afrika Kusini. Kaka yake nyanya alikuwa mwendesha maksai kwa Mskoti mmoja. Alimchukua dada yake ili amsaidie kulea watoto. Reli ilikuwa haijafika huko, ilifika mwaka 1924. Kwa hiyo nyanya aliporudi na mimba, alirudi kwa miguu.

Mwaka 1971 nilikuwa karani wa reli Nairobi, kijana mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Nikaja nyumbani kwenye matanga. Wazee wameketi kukizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Nikatoa daftari. Nikamuuliza nyanya mbele ya wote: yule mzungu wa Sisibo aliitwa nani?

Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema neno moja tu, "Kithi." Kisha akainuka, akachukua ungo, akaenda kupepeta wimbi ambao ulikuwa umeshapepetwa. Aliishi miaka mitatu zaidi. Sikupata neno jingine.

Ungo ule nausikia hadi leo. Mwanamke aliyekaa kimya miaka hamsini, mimi nilitaka aseme yote kabla mrija haujanifikia. Ningalikaa naye jikoni. Ningalimchambulia karanga. Ningalinyamaza siku tatu, siku kumi, hadi yeye mwenyewe aanze. Lakini likizo yangu ilikuwa ya siku nne.

Nikaandika "Kithi" kwenye ukurasa wa kwanza, na pembeni nikaongeza: jina lake. Kutoka kwa kaka yake nyanya nilipata jina la ukoo, lenye Mak mbele. Basi nikaanza kumtafuta mtu mmoja aitwaye Keith. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, reli ikagawanywa, nikarudi na sanduku moja, na daftari lilikuwa ndani. Mambo yalipotulia nikaanza safari za Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue, nikifunua kurasa za Gazeti la Serikali. Na kwa kuwa nilimtaka Keith, nikampata Keith. Nikawaandikia jamaa zake Uingereza. Wakanijibu kwa upole, wakanitumia picha.

Nikampa mama picha ile, mwanangu. Alikuwa amepita miaka sabini. Aliitundika ukutani karibu na Bikira Maria, na wageni walipoingia alisema, "Huyu ni baba." Kwa mwaka mzima. Kisha ikaja barua ya pili. Mtu yule hakuwahi kukanyaga Uasin Gishu. Miaka ile alikuwa Bara Hindi. Mama aliishusha picha mwenyewe. Akaifunga kwenye kitambaa safi akasema niwarudishie wenyewe, wasije wakaihitaji. Hakunigombeza. Alifariki bila kuuliza tena, na ukuta ule ulibaki na msumari.

Ukipata jambo lenye harufu ya ukweli, mwanangu, lilaze kwanza. Usimpelekee mama yako.

Miaka mingi ikapita. Binti yangu alikwenda kufanya kazi ya uuguzi Aberdeen. Jumapili moja akanipigia simu akiwa safarini kwenda Inverness. "Baba, gari-moshi limesimama. Stesheni inaitwa Keith."

Mimi, mtu wa reli! Nilikaa chini pale pale uani. Nyanya hakunitajia jina la mtu. Alinitajia mahali, mji mdogo wa Banffshire. Alinijibu kama anavyojibu mtu wa kwetu: ukiuliza fulani ni nani, unaambiwa kwanza ametoka wapi.

Hata hapo tulikwama. Uskoti wameandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa sheria tangu mwaka 1855, na daftari zao zinasomeka vizuri. Lakini mtoto wa Mak tuliyemtaka hakuwamo Keith. Tukarudi kwenye kanuni zao. Mtoto akizaliwa nje ya ndoa, jina la baba halikuandikwa isipokuwa baba mwenyewe amefika pamoja na mama kwa msajili akatia sahihi. Asipofika, nafasi yake ilibaki tupu, na mtoto aliandikwa kwa ukoo wa mama. Tena mwanamke wa Uskoti hapotezi ukoo wake kwenye nyaraka hata akiolewa. Kwetu pia mke hubaki binti wa ukoo wake. Ningalilifikiria hilo mapema.

Tukaacha kumtafuta mwana, tukazitafuta ndoa. Mak mmoja alikuwa amemwoa mtumishi wa mashamba. Tukauchukua ukoo wa mwanamke huyo tukaurudisha nyuma, ndipo tukamwona mtoto katika sensa ya mwaka 1891. Ana miaka sita. Yumo katika nyumba ya babu yake mzaa mama, na mbele ya jina lake karani ameandika: mjukuu. Cheti chake cha kuzaliwa hakina baba. Mak alikuwa baba wa kambo, aliyempa jina walipohamia Natal.

Banffshire ya karne ile ilijulikana Uskoti nzima kwa wingi wa watoto wa namna hiyo. Wasichana waliajiriwa mashambani kwa miezi sita sita, wakalala huko huko, na mtoto akaachwa kwa nyanya yake. Wazee wa kanisa walimwita msichana barazani wakamhoji baba ni nani, na majibu yakaandikwa kitabuni. Nilipofika hapo niliufunga ukurasa. Niliuona ungo.

Kwa hiyo yule mzungu alilelewa nyumbani kwa wajomba zake, baba hayupo. Kisha akamwacha binti yangu wa Iyolwa, maana mama yangu sasa namwona kama mtoto, alelewe vivyo hivyo. Hilo limeniuma kuliko yote niliyoyapata. Yeye alijua.

Mate yana kazi yake. Ya binti yangu yalileta binamu wa mbali kutoka ukoo wa yule mtumishi wa mashamba, na hapo ndipo nilipokubali kwamba safari hii hatukukosea. Lakini mate hayakuniambia nyanya alitembea siku ngapi kutoka Sisibo, na nani alimpa maji njiani. Sikuwahi kuuliza. Miaka yote hiyo nilimwinda mwanamume, na mwanamke nilikuwa naye jikoni.

Amebaki mama mdogo mmoja, binti wa mwisho wa nyanya, aliyelala naye nyumba moja mpaka alipoolewa Busia, upande wa Kenya. Macho yamefifia, masikio bado. Kesho asubuhi navuka mpaka kwenda kwake. Nimenunua sukari kilo mbili na majani ya chai, na karanga debe nusu, hazijachambuliwa. Nimewaambia nyumbani wasinitarajie wiki hii. Daftari nitaliacha hapa mezani.