Mtani Aliye Ndani ya Runinga

Tulikuwa kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, Bigwa, chini kabisa ya Milima ya Uluguru, tukisubiri mechi ianze. Runingani kulikuwa na kichekesho. Mchoma mkaa mwenye kaptula iliyochanika amekata mti wa mwisho wa kijiji, sasa anatafuta kivuli cha kujipumzishia na hakioni, basi anazunguka akijaribu kukalia kivuli chake mwenyewe. Tulicheka mpaka viti vikagongana. Kisha mke wake akatoka na ndoo tupu, akatukazia macho, akatusihi tutunze mazingira ili nayo yatutunze. Hapo kicheko kikakatika na ubishi ukaanza.

Kijana wa bodaboda alisema somo limefika: wakata miti ndio wanaotukaushia mito. Mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni akamkatiza: "Mwanangu, mbona aliyeununua huo mkaa hatujamwona? Au yeye hachekeshi?" Mzee mmoja, bila kugeuka, akauliza: "Na shamba la kuazima, mti unaupandaje?" Mechi ilianza, na bado watu walikuwa wanabishana.

Mtayarishaji wa kipindi kile huenda angesikitika kuona ujumbe wake unagawanywa vipande namna ile. Mimi naamini ujumbe ulianza kazi dakika ile ile.

Tuliangalie neno lenyewe. Kwa Kiswahili, ujumbe ni maneno yaliyotumwa, na pia ni watu waliotumwa: ujumbe wa wazee uliokwenda kwa wakwe, ujumbe wa kijiji uliokwenda wilayani. Ujumbe wa namna hii hauendi kusema tu. Unakaa, unasikiliza, unarudi na jibu. Usiporudi, waliobaki nyumbani wanahesabu kwamba umepotea. Tangu lini tukakubali kuwa ujumbe wa runinga ni wa kwenda tu?

Swali hili ni zito zaidi kwenye kichekesho, kwa sababu kicheko hutangulia kufikiri. Nikishamcheka mchoma mkaa, nimeshakubali kwamba kosa ni lake, kabla sijauliza lolote. Hotuba ninaweza kuipinga nikiwa nimekunja mikono. Kicheko changu mwenyewe nitakipingaje, ilhali kimeshanitoka?

Wazee wetu waliijua nguvu hiyo, ndiyo maana waliifungia ndani ya utani. Mtani anaweza kukuita mchoyo mbele ya jeneza la baba yako, na huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo anashika jembe kuchimba kaburi, na zamu yako ikifika nawe utamwambia yake. Haki ya kumcheka mtu inatokana na mambo hayo mawili: kushiriki mzigo wake, na kujibiwa. Mchekeshaji wa runinga anatutania bila kuchimba kaburi letu, na kioo hakisikii. Kwa hiyo watazamaji wanapobishana, wanajaribu kukirudishia kichekesho ile nusu ya utani iliyokosekana.

Uluguru inajua gharama ya ujumbe usiosikiliza. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilionekana njema, na udongo ulikuwa kweli unaporomoka. Lakini udongo wenye rutuba huku ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi pana kuliufukia na kuuleta juu ule mkavu usiozaa. Wakulima walijua, maana walikuwa wanaushika. Walipokataa, waliitwa wavivu, yaani walifanyiwa kile ambacho kichekesho kilimfanyia mchoma mkaa wetu. Mwaka 1955 yakatokea machafuko, damu ikamwagika, na mpango ukafa. Somo la mazingira lenyewe lilibaki na doa kwa miaka mingi.

Swali la yule mzee linatoka kwenye historia hiyo hiyo ya kutosikilizwa. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Aliyelima ardhi ya ukoo mwingine alikuwa akitoa ngoto, yaani ada ya kuazima shamba, na aliruhusiwa kupanda mahindi au maharage, siyo mti. Mti unakaa miaka, na mwenye mti kesho atadai udongo ulio chini yake. "Panda miti" ni agizo jepesi ukiwa studio. Kwa aliyeazimwa shamba, ni kuambiwa avunje ahadi. Hakuna mwandishi wa kichekesho ambaye angeyajua hayo bila kukaa kibandani akanyamaza.

Hata mchezo wa redio uliofanikiwa sana nchini, Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulifanya kazi kwa kuwafanya watu wazungumze. Kituo cha Dodoma hakikuurusha kwa miaka ya mwanzo, ndipo watafiti wakaweza kulinganisha. Waligundua kwamba waliousikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao na rafiki zao kuhusu uzazi wa mpango, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyobeba mabadiliko. Mkwaju, mhusika wa mchezo huo, dereva wa lori mpenda wanawake, aliingia majumbani kama hoja ya kubishaniwa.

Narudi kwa mama wa karanga, kwa sababu swali lake bado linanichoma. Magunia ya mkaa kando ya barabara za huku yanakwenda Dar es Salaam. Maji ya Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia kwenye milima hii. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 angalau unamtazama anayepika. Unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Vichekesho bado vinamtazama aliyeshika shoka.

Natamani kuona sehemu ya pili ya kichekesho kile. Mtu wa mjini anafungua bomba, bomba linakoroma, naye anatukana mamlaka ya maji huku amekalia gunia la mkaa. Siku itakapoonyeshwa nitapanda basi niende Dar es Salaam nikaitazamie Tandale au Manzese, nikae nyuma karibu na mlango, nisikilize wanabishana nini.