Majina ya Wadudu na Kumbukumbu ya Binadamu

Familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya, inayojumuisha Kisanskriti, Kiajemi, Kigiriki, Kilatini, Kirusi, Kijerumani na nyingine nyingi, ilianza kuvuta macho ya wasomi wengi baada ya William Jones kutoa hotuba mjini Calcutta mwaka 1786, alipoeleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba lazima viwe vimechipuka kutoka chimbuko moja. Tangu hapo wataalamu wa isimu historia, yaani elimu ya mabadiliko ya lugha kupita nyakati, wametumia juhudi kubwa kufuatilia majina ya miungu, ya wafalme, ya farasi na ya gurudumu. Wadudu wamepewa nafasi ndogo zaidi, na hilo linasikitisha, kwa sababu majina yao yanaeleza vizuri zaidi maisha ya watu wasio na kiti cha enzi kuliko yanavyoyaeleza majina ya wafalme.

Anayeyapanga majina hayo pamoja huona kwamba mdudu hulihifadhi jina lake la kale kwa kadiri maisha ya binadamu yalivyofungamana naye, ama kwa mateso ama kwa riziki. Kiroboto ni mfano ulio wazi. Kisanskriti humwita pluṣi, Kilatini pulex, Kigiriki psylla, Kilithuania blusa na Kirusi blokha, na ingawa umbali kati ya Wahindi wa kale na Walithuania ni mkubwa, jina limesafiri pamoja na mdudu mwenyewe, ndani ya mablanketi na manyoya, kizazi baada ya kizazi. Mayai ya chawa nayo yana jina lao la pekee, konis kwa Kigiriki na gnida kwa Kirusi, maneno ambayo wanaisimu huyahesabu kuwa ya ukoo mmoja. Jamii inayotenga jina la chawa na jina la yai lake ni jamii ambamo mtu aliketi akapekua kichwa cha mwenziwe kwa subira, unywele kwa unywele, na kazi hiyo ya upendo haikuandikwa katika tenzi zozote za mashujaa.

Hata hivyo, maneno haya yana tabia inayowasumbua wataalamu, kwani hayatii kanuni za mabadiliko ya sauti ambazo maneno mengine huzitii. Katika jina la kiroboto sauti p, l na s zipo, lakini zimebadilishana nafasi kutoka lugha moja hadi nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa sisimizi, ambaye ni myrmex kwa Kigiriki, formica kwa Kilatini, vamra kwa Kisanskriti na maurr kwa Kinorwe cha kale. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mwiko: watu waliogopa kumtaja mdudu kwa jina lake kamili asije akaitika, wakalipindua kidogo. Maelezo hayo hayawezi kuwa mageni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako katika nyumba nyingi nyoka hatajwi usiku, bali huitwa kamba. Wengine hudhani kwamba sauti zilivurugwa na mzaha na lugha ya watoto. Sababu zote mbili huenda zilifanya kazi pamoja, na zote zinaonyesha kwamba jina hilo lilikuwa mdomoni kila siku.

Kipepeo anaonyesha upande wa pili. Kilatini kilimwita papilio, lakini miongoni mwa lugha zilizozaliwa na Kilatini chenyewe, Kihispania husema mariposa, Kiitalia farfalla na Kireno borboleta, huku Kirusi kikisema babochka, neno linalotokana na bibi kizee, na Kigiriki cha kale kikitumia psyche, neno lile lile la roho. Kipepeo hakumuuma mtu wala hakumlisha, na kwa hiyo kila taifa lilikuwa huru kumbunia jina jipya.

Nyuki ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote. Jina lake la kale limebaki katika Biene ya Kijerumani, beach ya Kiayalandi na bitė ya Kilithuania, ilhali Wagiriki waliliacha wakamwita melissa kutokana na meli, yaani asali. Neno jingine la asali, ambalo kwa Kisanskriti ni madhu na kwa Kilithuania medus, lilitumika pia kwa kinywaji kilichochachushwa kutokana nayo, jamaa ya wanzuki wa Tanzania, na Wagiriki walilihamishia kwenye divai kwa umbo la methu. Neno hilo lilivuka hata mipaka ya familia yake: Wahungaria, ambao lugha yao si ya Kihindi-Kiulaya, huita asali méz, na wanaisimu wengi huamini kwamba mì ya Kichina iliazimwa kutoka kwa Watokari, wasemaji wa lugha ya Kihindi-Kiulaya waliokuwa wakiishi katika bonde la Tarim. Heshima kwa nyuki ilifika hata kwenye sheria: Wahiti, waliotawala Anatolia zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walitunga vifungu vya sheria dhidi ya mwizi wa nyuki.

Lakini ni Walithuania waliokwenda mbali zaidi. Katika lugha yao kitenzi cha kufa kinachotumika kwa wanyama ni tofauti na kile cha binadamu, na nyuki hupewa kitenzi cha binadamu. Desturi yao ya zamani ilikataza nyuki kuuzwa kama bidhaa nyingine. Kundi lililohama na kutua kwa jirani liliwafanya wenye nyumba hizo mbili kuwa wabia, waliogawana asali na kusaidiana kama ndugu. Kutoka bitė wakapata bičiulis, mshirika wa nyuki, na neno hilo leo lina maana ya rafiki wa karibu, hata kwa watu ambao hawajawahi kumiliki mzinga.