Je, Mwenye Kiwewe Amekosa Imani?

Tumeulizwa na mmoja katika wahudhuriaji wa darsa: mtu aliyepatwa na msiba mkubwa, kisha sala ikawa nzito kwake na moyo wake ukawa wauliza "Kwa nini?", je, imani yake imetoka? Na akienda kwa tabibu wa nafsi, amewacha kumtegemea Mwenyezi Mungu?

Kabla ya kujibu, yatupasa tukiri kosa letu. Alitujia mtu aliyeokoka katika feri iliyozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, siku waliyokufa watu zaidi ya 270. Nduguye hakuokoka. Miaka mingi ilikuwa imepita, na bado akisikia honi ya feri hutetemeka, usingizi haumjii, na akisimama kusali husikia mayowe. Akatuuliza: "Sheikh, mbona mimi niliachwa?" Nasi tukamwambia asubiri na azidishe nyiradi. Akashukuru, akaenda zake, wala hatukumwona tena msikitini.

Hapana shaka subira ni wajibu. Lakini Nabii Yaakub, mwenye subira njema, alilia mpaka macho yake yakawa meupe. Na Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, naye ndiye aliyetuamrisha kujitibu. Nani basi aliyetwambia kwamba dawa ni ya mguu na tumbo tu?

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza khofu, hasira, huzuni na wasiwasi, akapambanua huzuni ijulikanayo sababu yake na ile isiyojulikana. Matabibu wa Marekani waliutia ugonjwa huu wa kiwewe, kwa jina lake, katika kitabu chao cha maradhi mwaka 1980. Na matibabu yake mengi ni mazungumzo: mgonjwa husimulia yaliyompata, kidogo kidogo, mbele ya mtu amwaminiye, na hukaribishwa pole pole na lile alikimbialo, hata mwili ujue kuwa hatari imekwisha pita. Lipi hapa lililo haramu? Kumpeleka kwa mpunga pepo, akatozwa mbuzi na fedha, hilo wengi wetu hawalionei haya!

Hata hivyo tusimtwike tabibu asiloliweza. Kutetemeka atakutuliza, lakini "mbona niliachwa?" si maradhi. Imam Ghazali, huko Baghdad mwaka 1095, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Akaiwacha kazi yake na jaha yake, akatoka, akakaa miaka akitafuta. Ikiwa huyo ndiye Hujjatul Islam, vipi tumkemee abiria wa feri?

Jawabu letu basi: imani yake haikutoka, kwani amwulizaye Mola wake hajamwacha. Na aende kwa tabibu, wala asifiche.

Yule mtu tulimtafuta kwao Mtongwe, tukaambiwa amehama. Ikimfikia karatasi hii, twamwomba aje. Safari hii tutamsikiliza.